Utunzaji wa bustani katika joto kali

Utunzaji wa bustani katika joto kali ni kazi ya kukata nyasi, kupunguza ua, kupanda miti na maua na kumwagilia viwanja kwa malipo wakati halijoto inapopanda kiasi cha kuhatarisha afya ya wafanyakazi na uhai wa mimea. Makala hii inaeleza jinsi biashara za aina hii zinavyoendeshwa katika majira ya joto, hasa nchini Marekani, ambako karibu watu milioni moja hufanya kazi ya kutunza bustani na viwanja.

Majira ya joto yanayotajwa hapa ni miezi ya Juni hadi Agosti katika nusu ya kaskazini ya dunia. Yasichanganywe na kiangazi cha Afrika Mashariki, ambacho ni majira ya ukavu. Saa zote katika makala hii zimetajwa kwa hesabu ya Kiswahili.

## Ukubwa wa tatizo

Mji wa Phoenix katika jimbo la Arizona umejengwa jangwani, nao ni mfano mzuri wa tatizo hili. Mwaka 2023 halijoto ya mchana mjini humo ilifika sentigredi 43.3 au zaidi kwa siku 31 mfululizo, kuanzia tarehe 30 Juni hadi 30 Julai. Kwa siku 16 mfululizo hata usiku halijoto haikushuka chini ya sentigredi 32. Kaunti ya Maricopa, ambamo Phoenix imo, iliandikisha vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka huo. Mwaka 2024 mji huohuo ulikuwa na siku 113 mfululizo ambazo halijoto ilifika sentigredi 37.8 au kuipita. Rekodi ya awali ilikuwa siku 76, ya mwaka 1993.

Usiku wenye joto una maana kubwa kwa mwajiri. Mfanyakazi aliyelala katika chumba kisicho na kiyoyozi hufika kazini mwili wake ukiwa haujapumzika, na huchoka mapema kuliko mwenzake.

Joto kali halitokei jangwani tu. Mwishoni mwa Juni 2021 wimbi la joto lilipita pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika Kaskazini, eneo ambalo watu wake wamezoea hali ya hewa ya wastani. Mji wa Portland, Oregon, ulifikia sentigredi 46.7. Kijiji cha Lytton nchini Kanada kilifikia 49.6. Katika maeneo kama hayo hatari huwa kubwa kwa sababu watu na biashara hawajajiandaa.

## Jinsi joto linavyodhuru mwili

Mwili wa binadamu hujitahidi kubaki na joto la sentigredi 37 hivi. Misuli inapofanya kazi hutoa joto, na mwili hulipunguza kwa kupeleka damu kwenye ngozi na kwa kutoa jasho. Jasho hupoza mwili linapokauka. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, jasho hudondoka bila kukauka, na mtu hapati nafuu. Ndiyo maana sentigredi 33 za pwani yenye unyevu, kama Houston au Miami, zinaweza kumchosha mfanyakazi sawa na joto kubwa zaidi la jangwani.

Madhara ya joto hutajwa kwa ngazi:

* Kukaza kwa misuli: maumivu ya ghafla ya miguu, mikono au tumbo, yanayotokana na kupoteza maji na chumvi.
* Kuishiwa nguvu kwa joto: jasho jingi, kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na udhaifu.
* Kiharusi cha joto: joto la ndani ya mwili hupita sentigredi 40 hivi, na ubongo huanza kuathirika. Mgonjwa huchanganyikiwa, huongea ovyo, huyumba, huzimia au hupata degedege. Bila matibabu ya haraka hufa.

Watu wengi huamini kwamba mwenye kiharusi cha joto lazima awe na ngozi kavu. Kwa mtu anayefanya kazi nzito si lazima iwe hivyo, kwani anaweza kuwa amelowa jasho na huku yuko hatarini. Dalili ya kuangaliwa zaidi ni kuchanganyikiwa. Kwa sababu mtu aliyechanganyikiwa hatambui hali yake mwenyewe, mfanyakazi mmoja hapaswi kuachwa peke yake kwenye bustani siku ya joto kali.

## Mfanyakazi mpya

Jambo muhimu kuliko yote katika usimamizi wa kazi za joto ni kwamba mwili huzoea joto polepole. Katika wiki moja hadi mbili za kazi, kiasi cha maji katika damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema zaidi, na chumvi inayopotea katika jasho hupungua. Mazoea hayo huanza kupotea mtu akikaa mbali na joto kwa muda wa kama wiki moja, kwa mfano akiwa likizo au mgonjwa.

Mamlaka ya shirikisho ya usalama na afya kazini nchini Marekani, OSHA (isichanganywe na wakala wa Tanzania wenye kifupi hichohicho), inaeleza kwamba asilimia 50 hadi 70 ya vifo vya joto katika kazi za nje hutokea katika siku chache za mwanzo za kazi. Maana yake, anayekufa mara nyingi si mzee wa kazi aliyechoka, bali ni kijana aliyeajiriwa juzi. Kijana huyo ana sababu za kunyamaza. Anataka kuonekana hodari, hajui wenzake hupumzika lini, na pengine anaogopa kufukuzwa. Katika kazi za bustani wengi huwa wahamiaji au watu waliokuja kwa kibali cha msimu, na utunzaji wa bustani ndiyo kazi inayoongoza kwa matumizi ya vibali vya H-2B. Mtu ambaye kibali chake kimefungwa kwa mwajiri mmoja hawezi kulalamika kwa urahisi.

Kanuni inayopendekezwa na wataalamu wa Marekani ni ya asilimia 20. Siku ya kwanza mfanyakazi mpya afanye kazi kwenye joto kwa asilimia 20 tu ya muda wa kawaida, yaani kama saa moja na nusu katika siku ya saa 8. Kila siku inayofuata iongezwe asilimia 20 isiyozidi. Mzoefu anayerudi baada ya kukosekana aanze na asilimia 50, kisha 60, 80 na 100. Muda uliobaki unaweza kutumika kwa kazi za kivulini, kama kunoa visu vya mashine, kujifunza kutumia vifaa, kupanda miche kwenye viriba au kusafisha bohari.

## Kupima joto

Halijoto inayotangazwa katika utabiri hupimwa kivulini. Mfanyakazi aliye juani, karibu na ukuta wa zege au lami, hupata joto kubwa zaidi. Kielezo cha joto, ambacho huunganisha halijoto na unyevu wa hewa, nacho hukadiriwa kwa mtu aliye kivulini. Jua la moja kwa moja linaweza kukiongeza kwa sentigredi 8 hivi.

Kipimo kinachofaa zaidi ni kile kinachojulikana kwa kifupi WBGT. Kilibuniwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya kambi za mafunzo za jeshi la Marekani. Hutumia vipimajoto vitatu: kimoja chenye kitambaa kibichi, ambacho huonyesha uwezo wa jasho kukauka, kimoja ndani ya tufe jeusi, ambacho huonyesha nguvu ya jua, na kimoja cha kawaida. Kwa kazi ya nje kipimo cha kwanza huhesabiwa kwa asilimia 70, cha pili 20 na cha tatu 10. Uzito huo waonyesha kwamba unyevu wa hewa ndio unaoamua zaidi. Siku hizi vipo vifaa vidogo vya mkononi vinavyofanya hesabu hiyo vyenyewe.

## Ratiba ya kazi

Hatua ya kwanza ya biashara nyingi ni kuanza kazi mapema, saa 11 alfajiri au saa 12 asubuhi, na kumaliza saa 6 au saa 7 mchana. Kazi nzito, kama kuchimba mashimo na kubeba mawe, hufanywa mwanzoni. Kazi nyepesi huachwa mwisho, na zile za juani hupangwa kufuata kivuli cha nyumba na miti.

Mpango huo una vikwazo viwili. Kwanza, miji mingi hukataza kelele za mashine alfajiri. Mashine za betri, ambazo kelele zake ni ndogo, hupunguza tatizo hilo, na katika California uuzaji wa injini ndogo mpya za petroli kwa ajili ya vifaa vya bustani ulianza kuzuiwa kwa vifaa vya mwaka 2024. Betri zenyewe hazipendi joto, kwa hiyo huwekwa na kuchajiwa kivulini.

Pili, kupumzika mchana na kurudi kazini alasiri hakusaidii kila mahali. Katika mji wa jangwani kama Phoenix halijoto hufikia kilele saa 10 au saa 11 jioni, wala si saa 6 mchana. Kikosi kinachopumzika saa 7 na kurudi saa 9:30 hurudi wakati mbaya zaidi wa siku. Huko ni afadhali kufunga kazi mapema.

## Maji, kivuli na mapumziko

Kipimo cha kawaida cha maji ni kikombe kimoja, yaani mililita 240 hivi, kila baada ya dakika 15 hadi 20. Hiyo ni karibu lita moja kwa saa. Hivyo kikosi cha watu 4 katika siku ya saa 8 kinahitaji kiasi cha lita 30, na ndoo moja ya lita 20 haitoshi. Mtu asinywe zaidi ya lita moja na nusu kwa saa, kwa sababu maji mengi kupita kiasi hupunguza chumvi katika damu, jambo ambalo ni hatari pia. Kazi ikizidi saa mbili zenye jasho jingi, chakula chenye chumvi au kinywaji chenye chumvichumvi husaidia. Pombe ya usiku uliotangulia huongeza hatari, na dawa kadhaa, zikiwemo baadhi ya zile za shinikizo la damu, hupunguza uwezo wa mwili kujipoza.

Mapumziko yawe kivulini, na yaamriwe na msimamizi. Yakiachwa kwa hiari, wafanyakazi hawayachukui. Gari lililosimama juani si kivuli, isipokuwa kiyoyozi chake kinafanya kazi. Kwa viwanja visivyo na miti, turubai la kukunja hubebwa pamoja na mashine.

## Bei na mikataba

Sababu ya hatari nyingi haitoki katika hali ya hewa, bali katika jinsi kazi inavyouzwa. Bustani nyingi hulipiwa kwa kila ziara, si kwa saa. Kila dakika ya mapumziko basi inakuwa hasara ya mwenye biashara, na kama wafanyakazi nao wanalipwa kwa idadi ya bustani, inakuwa hasara yao pia. Onyo la kunywa maji na kupumzika haliwezi kushinda mpango wa malipo unaomwadhibu anayelifuata.

Tuchukue mfano. Kikosi kinahudumia bustani 10 kwa siku ya saa 8, kila moja kwa dola 50, na kupata dola 500. Katika miezi 3 ya joto kali msimamizi anatoa mapumziko ya dakika 10 kila saa. Jumla ni dakika 80, yaani sehemu moja ya sita ya siku. Bustani zinazoweza kuhudumiwa zinashuka hadi 8, na mapato hadi dola 400, huku mishahara ikibaki ileile. Ili kufidia, bei ya miezi hiyo ingepaswa kuwa dola 62.50, na wateja wengi wangekataa. Lakini gharama hiyo ikigawanywa katika miezi yote 12, bei inakuwa dola 53 na senti kidogo, yaani nyongeza ya kama asilimia 6 tu. Kwa hiyo mapumziko ya Julai hupangwa Januari, wakati mikataba inapoandikwa.

Mambo mengine yanayoweza kuingizwa katika mkataba ni haya:

* tarehe ya ziara inaweza kusogezwa siku moja au mbili wakati wa onyo la joto;
* saa ya kuanza inaweza kubadilika kati ya Juni na Septemba;
* kazi kubwa za kupanda na kujenga zifanywe majira ya kupukutika majani au ya kuchipua;
* wafanyakazi walipwe kwa saa, mapumziko yakiwemo.

## Utunzaji wa mimea

Kwa bahati nzuri mimea nayo huhitaji kazi ndogo zaidi wakati wa joto kali, hivyo mahitaji yake hayapingani na ya wafanyakazi.

Nyasi huachwa ndefu zaidi, na kila mkato usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake. Nyasi ndefu hutia udongo kivuli na kupunguza upotevu wa maji. Kisu butu huchana majani na kuyaacha yakikauka ncha. Nyasi za nchi baridi huweza kugeuka kahawia na kulala, na mteja aelezwe kwamba hazijafa. Katika miji yenye joto kama Phoenix hupandwa zaidi ukoka (*Cynodon dactylon*), nyasi inayojulikana sana Afrika Mashariki na ambayo Wamarekani huiita nyasi ya Bermuda. Hiyo hustawi katika joto ikipata maji.

Kumwagilia hufanywa kabla ya jua kuchomoza, ili maji yazame kabla ya kukauka. Imani kwamba matone ya maji ya mchana huunguza majani si sahihi, ila maji mengi hupotea hewani. Umwagiliaji wa matone na matandazo ya unene wa sentimita 5 hadi 10 huhifadhi unyevu. Mbolea ya chumvichumvi ya naitrojeni na upogoaji mkubwa huahirishwa. Baadhi ya dawa za magugu, kama dicamba, hugeuka mvuke zaidi katika joto na kuunguza mimea ya jirani. Tena mavazi ya kujikinga na dawa humwongezea joto anayeipuliza.

Suluhisho la muda mrefu ni kubadili bustani zenyewe. Mwaka 1981 idara ya maji ya mji wa Denver ilianzisha mpango wa bustani zinazotumia maji kidogo. Katika jimbo la Nevada sheria ya mwaka 2021 inapiga marufuku, kuanzia mwaka 2027, kumwagilia kwa maji ya mto Colorado nyasi za mapambo tu katika eneo la Las Vegas, nje ya makazi ya familia moja moja. Mabadiliko hayo huipa biashara kazi mpya za kung'oa nyasi na kupanda mimea ya jangwani, ambazo zinaweza kufanywa miezi ya baridi.

## Sheria

Marekani haikuwa na kanuni ya taifa zima kuhusu joto kazini. OSHA imetumia wajibu wa jumla uliomo katika sheria ya mwaka 1970, unaomtaka mwajiri kuondoa hatari zinazojulikana. Julai 2024 ilitangaza pendekezo la kanuni ya taifa, na hadi mwisho wa mwaka huo pendekezo hilo lilikuwa halijawa sheria.

California ilikuwa jimbo la kwanza kuweka kanuni ya joto kwa kazi za nje, mwaka 2005. Inadai maji ya kama lita moja kwa saa kwa kila mfanyakazi, kivuli halijoto inapopita sentigredi 27 hivi, na uangalizi wa karibu wa mfanyakazi mpya kwa siku 14. Halijoto ikifika sentigredi 35, hatua za ziada ni lazima kwa sekta zilizotajwa, na utunzaji wa bustani ni mojawapo. Washington, Oregon na Maryland nazo zina kanuni zao. Kwa upande mwingine, Texas mwaka 2023 ilipitisha sheria iliyolenga kufuta kanuni za miji, zikiwemo zile za Austin na Dallas zilizowapa wafanyakazi wa ujenzi mapumziko ya dakika 10 kila saa 4. Florida ilizuia kanuni za joto za serikali za mitaa mwaka 2024.

Nchi za Ghuba zimechagua njia nyingine, yaani kukataza kazi za juani kwa saa maalumu. Falme za Kiarabu hukataza kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9 alasiri, tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba. Oman hukataza saa 6:30 hadi saa 9:30 kuanzia Juni hadi Agosti. Qatar, tangu mwaka 2021, hukataza saa 4 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, na kazi husimama saa yoyote WBGT ikipita 32.1. Kanuni hizo zinawahusu pia wafanyakazi kutoka Afrika Mashariki walioajiriwa huko katika kazi za nje. Saa maalumu ni rahisi kukaguliwa, lakini hazimlindi mfanyakazi dhidi ya asubuhi yenye unyevu mwingi. Kipimo kama cha Qatar hujaza pengo hilo.

## Huduma ya kwanza

Mfanyakazi akionyesha dalili za kuchanganyikiwa au akizimia, hatua hizi huchukuliwa mara moja:

1. Kupiga simu ya dharura (911 nchini Marekani) na kutaja mahali kamili. Kwa kuwa vikosi huhama kutoka bustani hadi bustani, kila mmoja anapaswa kujua anwani ya mahali alipo.
2. Kumpeleka kivulini na kumvua mavazi mazito.
3. Kumpoza kwa njia yoyote iliyopo: kumtumbukiza katika maji baridi yenye barafu huku akishikiliwa, kumwagia maji kwa mpira wa bustani, au kumfunika kwa mataulo yenye maji baridi huku akipepewa. Mpira uliolala juani huachwa kwanza umwage maji ya moto yaliyomo.
4. Kutompa kinywaji kama hana fahamu kamili.
5. Kutomwacha peke yake hadi msaada ufike.

Kupoza huanza palepale, bila kusubiri gari la wagonjwa, kwa sababu kila dakika ya joto kali la mwili huongeza uharibifu wa ubongo, figo na misuli. Mtu aliyeonyesha dalili haruhusiwi kurudi nyumbani peke yake, hata akisema amepata nafuu.